Peni Moja Katika Kila Pauni

Siku ya kwanza nilipomwogesha, nilidhani mgongo wake umechanjwa chale. Alikuwa na alama za bluu, fupi fupi, kama mtu aliyepitishiwa ncha ya kalamu ya wino: tatu begani, moja ndefu chini ya mbavu, na nyingine ndogo ndogo kwenye vidole. Nikasugua taratibu kwa kitambaa chenye sabuni. Hazikutoka. Akacheka, kikohozi kikakikatiza kicheko, tukasubiri wote wawili mpaka kikaisha.

"Hayo hayatoki, bach," akaniambia. "Hayo ni makaa ya mawe. Nitazikwa nayo."

Mchimbaji akikwaruzwa na jiwe huko chini, vumbi huingia kwenye jeraha, na ngozi inapofunga hulifungia humo humo. Kovu hubaki na rangi ya bluu maisha yote. Nimeshayaona makovu hayo kwa wazee wengi sasa, maana kazi yangu ndiyo hiyo: kuhudumia wazee majumbani. Nawaamsha, nawaogesha, nawapa dawa, nawachemshia chai, kisha napanda mlima kwenda nyumba inayofuata. Naishi Maerdy, kijiji cha mwisho kabisa juu ya bonde la Rhondda Fach, kusini mwa Wales. Nilizaliwa Mbinga, mkoani Ruvuma.

Hilo neno "bach" ni la Kiwelisi na maana yake ni "mdogo", lakini mtu mzima akikuita hivyo ni kama kwetu anaposema "mwanangu". Mimi alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi wangu ulichukua miezi kukubali kumtaja mtu wa umri wa babu yangu bila kutanguliza chochote. Humu nitamwita Mzee, kama ninavyomwita nikizungumza na mama yangu kwenye simu.

Mzee alinisimulia kwamba babu yake, naye mchimbaji, hakukubali kabisa mgongo wake uoshwe. Watu wa zamani waliamini maji huulegeza mgongo, na mwenye mgongo legelege hapati riziki. Kabla migodi haijajengewa mabafu, mwanamume alirudi mweusi tii, akaoga kwenye beseni la bati mbele ya moto, mkewe akimmiminia maji aliyoyachemsha tangu mchana. Kifua, mikono, uso, miguu. Mgongo ulifutwa tu kwa kitambaa kikavu. Tangu aliponiambia hivyo, kila nikiuosha mgongo wake nilikuwa naona kama nimepewa ruhusa ambayo bibi yake hakuwahi kuipata.

Watu wa nyumbani wakiniuliza huku kukoje, nawaambia hivi: chukua milima ya Umatengo, ondoa kahawa, ondoa ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia miteremkoni, ondoa jua, halafu weka mvua ya wiki tatu. Miteremko ni ile ile. Magoti yangu hayakushangaa. Nyumba ni za mawe, zimeshikana ukuta kwa ukuta kwa mstari mrefu unaofuata ubavu wa mlima, vyumba viwili chini na viwili juu, na mlango wa mbele unakutoa moja kwa moja barabarani. Jirani akiwasha redio alfajiri, nasikia habari kabla sijashuka kitandani. Kondoo hushuka kutoka mlimani na kutembea mitaani kama mbuzi wa kwetu, hupindua mapipa ya taka, na hawakuogopi hata ukiwapigia kelele.

Majina ya ukoo ni machache mno. Jones, Davies, Evans, Williams, Thomas, basi, umemaliza nusu ya kijiji. Kwa hiyo tangu zamani watu waliongezewa jina la kazi au la kisa: Jones wa maziwa, Evans wa mkate. Nilipolisikia hilo nilijisikia nyumbani mara moja, kwa sababu kwetu pia kuna Mama Maandazi na Juma Baiskeli, na ukimtafuta kwa jina la kwenye kitambulisho humpati. Mimi ni "yule wa chapati". Jirani yangu ana bamba zito la chuma alilorithi kwa mama yake, la kukaangia vikeki vya Wales vyenye zabibu kavu. Nilipoliona tu nikajua hili ni kaango la chapati lililopotea njia. Nikaliazima. Habari zikaenea mpaka mwisho wa mtaa.

Bonde hili lilijazwa watu na makaa ya mawe, na lilijazwa kwa kasi isiyo ya kawaida. Mwaka 1851 parokia nzima ya juu ya Rhondda haikufikisha watu 1,000. Sensa ya mwaka 1921 ilihesabu zaidi ya 160,000. Katika mabonde mawili membamba ya Rhondda kulikuwa na migodi zaidi ya 50. Makaa ya hapa yaliwaka kwa joto kali na moshi kidogo, kwa hiyo jeshi la wanamaji la Uingereza liliyapenda kuliko mengine yote, na meli za biashara vilevile. Yalishushwa kwa reli hadi bandari za Cardiff na Barry, yakasafiri dunia nzima. Aden, mji ambao watu wa pwani yetu wanaufahamu vizuri, ilikuwa kituo cha meli kuongeza makaa. Wasomali na Wayemeni waliopata kazi ya kuchochea moto kwenye meli hizo wengine walihamia Cardiff, na wajukuu wa wajukuu zao wako pale mpaka leo. Hata hapa bondeni wageni hawakuanza na mimi. Waitaliano kutoka mji mdogo wa Bardi walifungua migahawa ya chai na aiskrimu karibu kila kijiji.

Bei yake ililipwa chini ya ardhi. Desemba 23, 1885, mlipuko uliua watu 81 hapa hapa Maerdy, siku mbili kabla ya Krismasi. Oktoba 14, 1913, huko Senghenydd, walikufa wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja. Hao ndio waliokufa kwa siku moja na kuandikwa kwenye jiwe. Waliokufa polepole kwa vumbi la mapafu, kitandani, mbele ya dirisha linalotazama mlima, ni wengi, na hao jiwe lao sijaliona.

Lakini nilipoanza kuandika makala hii sikutaka hasa kusimulia vifo. Nilitaka kusimulia michango.

Sisi Watanzania tunaijua michango mpaka tunailalamikia. Harusi, msiba, kipaimara, ada ya mtoto wa shangazi. Simu inaingia, kundi jipya limeundwa, jina lako lipo kwenye orodha na mbele yake pana pengo linalosubiri tarakimu. Nilipoondoka nyumbani nilidhani nimeuacha utamaduni huo nyuma, naenda kwa watu wanaoishi kila mtu na lake. Nimefika kwenye bonde ambalo kila kitu kizuri ndani yake kilijengwa kwa mchango.

Ukivuka mlima kwenda Treorchy utaliona jengo la tamthilia liitwalo Park and Dare. Jina limetoka kwenye migodi miwili. Wachimbaji wa migodi hiyo walikubali kukatwa peni moja katika kila pauni ya mshahara, na kwa peni hizo wakajenga ukumbi mkubwa ambao bado unafanya maonyesho. Peni moja katika kila pauni! Na pauni zenyewe hazikuwa nyingi. Kwa makato ya aina hiyo mabonde ya kusini mwa Wales yalipata zaidi ya maktaba 100 za wafanyakazi. Mtu anatoka shimoni, anaoga, anakula, anakwenda kukaa kwenye chumba chenye taa na moto kusoma historia, uchumi, ushairi. Migodi ilipoanza kufungwa, vitabu vingi viliuzwa au kutupwa. Vilivyookolewa vilipata nyumba kwenye Maktaba ya Wachimbaji wa Kusini mwa Wales, iliyofunguliwa Swansea mwaka 1973.

Nenda mashariki zaidi, Tredegar. Huko wachimbaji na wafanyakazi wa chuma walichangia kutoka kwenye mshahara kila wiki, wakawa na chama chao cha matibabu: madaktari wao, hospitali yao, miwani, meno, hata miguu ya bandia. Mtoto mmoja wa mji huo, Aneurin Bevan, aliingia mgodini akiwa bado mvulana. Baba yake mchimbaji aliuawa na vumbi la makaa. Bevan aliingia bungeni, na baada ya Vita Kuu ya Pili akawa waziri wa afya. Julai 5, 1948 ndiye aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa, matibabu bila malipo kwa kila mtu Uingereza nzima. Alisema wazi kwamba alichokuwa anafanya ni kuipa nchi yote kile ambacho watu wa Tredegar walikuwa nacho tayari. Kila asubuhi nilipomfungulia Mzee kasha lake la dawa, zilikuwa zimetolewa bila hata senti, maana tangu mwaka 2007 hakuna anayelipia dawa za daktari Wales. Nilikuwa namhesabia vidonge vilivyoanzia kwenye mchango wa watu kama yeye.

Ukutani kwa Mzee kulikuwa na picha ndogo ya mwanamume mweusi aliyevaa suti. Nilidhani labda ni mchezaji. Alikuwa Paul Robeson, mwimbaji wa Marekani mwenye ile sauti nzito. Robeson alikutana na wachimbaji wa Wales waliokuwa London wakiandamana kwa njaa, miaka ya 1920 inapoishia, na hakuwaacha tena. Baadaye serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa sababu ya siasa zake. Kwa hiyo Oktoba 1957 wachimbaji walimwalika aimbe kwenye tamasha lao la Porthcawl kwa njia ya simu. Yeye yuko New York, wao maelfu wamejaa ukumbini, sauti inapita kwenye waya chini ya bahari ya Atlantiki, naye anaimba, nao wanamjibu kwa wimbo. Mzee alikuwa mtoto wakati huo. Baba yake alikuwepo. Alinisimulia habari hiyo mara tatu, na mara zote tatu alinyanyua mkono juu mahali kipaza sauti kilipokuwa. Sijasahau jinsi nilivyojisikia, mwanamke mweusi pekee katika mtaa huo, kumkuta mtu mweusi ameshanitangulia ukutani na kutunzwa kwa miaka yote hiyo.

Mgomo wa mwaka 1984 watu hapa hawausimulii kama historia. Wanausimulia kama jambo la juzi. Serikali ya Margaret Thatcher ilitaka kufunga migodi, wachimbaji wakaweka zana chini Machi 1984, wakakaa mwaka mzima bila mshahara. Katika maeneo mengine ya migodi Uingereza wengi walirudi kazini kabla ya mwisho. Maerdy hakurudi hata mmoja. Magazeti yalikuwa yamekiita kijiji hiki Moscow Ndogo tangu zamani kwa ukaidi wake. Mke wa Mzee, marehemu sasa, alikuwa kati ya wanawake waliofunga mifuko ya chakula: viazi, mikate, makopo, majani ya chai. Wengine waliojifunza kuhutubia mwaka huo hawakuwahi hata kusimama kwenye mkutano kabla. Mgomo uliposhindwa, Machi 5, 1985, wanaume walirudi mgodini kwa maandamano, bendi mbele na bendera ya chama cha wachimbaji juu, wanawake wakiwapa maua. Nilimuuliza Mzee kwa nini matarumbeta wakati walikuwa wameshindwa. Akanitazama muda mrefu. "Ulitaka twende tumeinamisha vichwa?"

Desemba 21, 1990 mgodi ulifungwa. Ulikuwa wa mwisho katika Rhondda yote. Mzee alikuwa na umri wa miaka 42, na hakupata tena kazi iliyodumu.

Ng'ambo ya mlima, Hirwaun, mgodi wa Tower ulifungwa Aprili 1994. Wachimbaji 239 wakatoa kila mmoja pauni 8,000 kutoka kwenye kiinua mgongo chake, wakaununua, wakaurudisha kazini Januari 1995 ukiwa mali yao wenyewe. Uliendelea mpaka Januari 2008, makaa yenyewe yalipokwisha. Kiswahili kimeyaita malipo hayo kiinua mgongo, na mimi nilipoisikia habari ya Tower niliona kwamba hakuna mahali neno letu limewahi kukaa sawasawa kama pale.

Sasa niseme jambo linaloniumiza.

Ukichimba makaa unatoa pia mawe na udongo usio na faida, na vyote hivyo vilimwagwa juu ya milima, juu ya vijiji. Mabonde mawili mashariki mwa hapa ni Aberfan. Ijumaa ya Oktoba 21, 1966, saa tatu na kitu asubuhi, kilima namba saba cha vifusi, kilichorundikwa juu ya chemchemi, kiliporomoka kikaifunika Shule ya Pantglas na nyumba za jirani. Walikufa watu 144. Kati yao 116 walikuwa watoto. Baraza la uchunguzi lilisema bila kuzunguka kwamba kosa lilikuwa la shirika la taifa la makaa ya mawe. Watu wa dunia nzima walichanga kwa ajili ya wafiwa. Halafu vilima vilivyobaki vilipotakiwa kuondolewa juu ya mji ule ule, ili wazazi wasiendelee kulala chini ya kitu kilichoua watoto wao, zilichukuliwa pauni 150,000 kutoka kwenye mfuko huo wa rambirambi kulipia sehemu ya gharama.

Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Rambirambi! Kwetu mtu akigusa daftari la msiba hana pa kuficha uso tena, hata kama ni shilingi elfu mbili. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, kiasi kile kile, bila nyongeza ya miaka karibu 30. Mwaka 2007 Serikali ya Wales ikaongeza pauni milioni 2. Mzee alikuwa kijana wa miaka 18 mwaka ule wa 1966. Wachimbaji walitoka migodini kote wakaenda kufukua, kwa kuwa wao ndio waliojua kufukua. Yeye pia alikwenda. Hakunisimulia zaidi ya hapo na mimi sikuuliza.

Vilima bado vipo. Wales ina zaidi ya 2,500. Vingi vimeota majani, na mgeni anaweza kuvipiga picha akidhani ni milima tu. Februari 2020, wakati wa kimbunga kilichopewa jina Dennis, kilima cha Tylorstown, chini kidogo katika bonde letu hili, kiliteleza na kumwaga tani zipatazo 60,000 za vifusi hadi mtoni. Hakuna aliyekufa. Lakini mvua ikinyesha usiku kucha, kuna wazee ambao nawakuta asubuhi wameshaamka na kuvaa, wamekaa kwenye kiti.

Nyumbani kwetu makaa yanaanza sasa. Mgodi wa Ngaka uko Mbinga, na malori yenye makaa ya mawe hupita Songea kuelekea bandari ya Mtwara. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, wanunuzi wa Ulaya walikuja kuyatafuta Mtwara, kwenye bandari tuliyoizoea kwa korosho. Kaka yangu alinitumia picha ya foleni ya malori akishangilia, kwa sababu foleni ni ajira, ni mama lishe, ni gereji. Nilimuelewa. Nilimuuliza vifusi vinamwagwa wapi, na vijana wanavaa nini puani. Akasema nimezeeka.

Ukiingia Maerdy leo utapokewa na nusu ya gurudumu la mgodi lililosimikwa kama ukumbusho. Treni ya abiria iliacha kuja tangu 1964. Tuna basi, tuna duka, tuna makanisa ambayo mengine ni nyumba za kuishi na mengine yamezibwa kwa mbao. Vijana wanatoka alfajiri kufuata kazi chini ya bonde au Cardiff. Juu ya milima inazunguka mitambo ya upepo. Pen y Cymoedd, shamba kubwa la upepo kaskazini magharibi mwa hapa, lina mitambo 76, na hutenga pauni milioni 1.8 kila mwaka kwa vijiji vinavyolizunguka. Ni jambo jema, na nimeona fedha hizo zikifanya kazi. Ila fedha hizo unaziomba kwa fomu. Mwenye peni yake kwenye jengo haombi kwa fomu. Anaingia mlangoni na kuuliza kwa nini paa linavuja.

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa, jirani wa nyumba ya nne alifariki. Nilimwona dirishani mama mmoja wa mtaani akipita na bahasha mlango kwa mlango, akikusanya fedha za maua. Akagonga kushoto kwangu. Akapita mlango wangu. Akagonga kulia. Hakuwa na ubaya, nadhani hakutaka kumsumbua mgeni. Lakini nilikaa kwenye ngazi nikalia, na mtu wa kwetu ataelewa kwa nini.

Mzee alifariki Novemba iliyopita. Sikuwa zamu siku hiyo. Kesho yake jioni mlango uligongwa. Alikuwa mama yule yule, na bahasha, na karatasi yenye namba za nyumba kwa penseli. Mkononi nilikuwa na noti ya pauni 20, akasema ni nyingi mno, watu wanatoa tano, nikasema achukue. Akaandika namba ya nyumba yangu. Kisha akasimama mvua ikimnyeshea, kama mtu aliyebakiwa na neno.

"Chakula kitakuwa ukumbini baada ya mazishi," akasema. "Mikate tumeshagawana. Tumekuandika kwenye chapati. Zifike sitini?"